Kuusikia Ukurasa: Kiswahili, Tovuti na Haki ya Wasomaji Wenye Ulemavu

Utangulizi

Makala haya yanajadili jinsi kurasa za wavuti, hususan zilizoandikwa kwa Kiswahili, zinavyoweza kuundwa ili watu wenye ulemavu wazisome na kuzitumia pasipo kushikwa mkono. Msomaji huenda akajiuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa mafundi wa kompyuta. Swali hilo nilikuwa nalo mimi mwenyewe, na nikaachana nalo siku nilipoandamana na binti ya shangazi yangu hadi saiba moja katika soko la Kiritiri, Kaunti ya Embu, alikokwenda kujaza fomu ya kuomba msaada wa karo. Binti huyo haoni tangu utotoni. Yaliyotukia siku hiyo yalinionyesha kwamba sehemu kubwa ya kizuizi alichokumbana nacho ilikuwa ya lugha wala si ya mitambo, na kwamba sisi tunaojinasibu kuwa wanalugha hatuwezi kujitoa katika lawama.

Siku Moja Sokoni Kiritiri

Kwanza alikuwa amejaribu nyumbani. Simu yake ina programu ya kusoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti. Anapopitisha kidole juu ya kioo, simu humtajia kilichoko chini ya kidole. Kwa njia hiyo husoma ujumbe, hutuma pesa na hufuatilia magazeti. Lakini fomu ile ilimshinda. Kila alipogusa nafasi ya kujazia, simu ilimwambia "sehemu ya kuandika" bila kumweleza kinachotakiwa kuandikwa, kama ni jina au ni tarehe ya kuzaliwa. Maelezo yalikuwepo ukurasani, ila yalikuwa yamepangwa kando ya nafasi kwa ajili ya jicho tu. Aliyeiunda fomu hakuyafungamanisha na nafasi zenyewe. Vitufe vya mwisho vilisikika "kitufe, kitufe, kitufe". Kisha ukaja mtihani wa kuthibitisha kwamba anayejaza ni binadamu: achague picha zilizo na taa za barabarani. Hapo akaizima simu.

Ndipo tukaenda saiba. Mhudumu alikuwa kijana mkarimu na alimpa kiti kabla ya wengine. Akamuuliza maswali ya fomu kwa sauti ya kushindana na redio: nambari ya kitambulisho, kama wazazi wote wawili wako hai, mapato ya nyumba kwa mwezi, aina ya ulemavu na ulianza lini. Watu waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi waliyasikia majibu yote. Ilipofika nafasi ya nenosiri, binti alimnong'oneza sikioni, naye mhudumu akalirudia herufi kwa herufi ili asikosee. Mama mmoja benchini akacheka, wala si kwa ubaya. Dada yangu huyo hakusema neno njiani. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Kaka, sasa soko zima lina neno langu la siri."

Tumezoea kuizungumzia tovuti isiyofikika kana kwamba hasara yake ni usumbufu: mtu amechelewa, amelipa saiba pesa ambazo hangelipa. Hasara hizo zipo. Hata hivyo, kubwa kuliko hizo ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu analazimika kuyaanika ya nyumbani kwao mbele ya wageni ili kupata kile ambacho mwenzake anakipata akiwa kitandani na simu yake. Serikali ya Kenya ilianzisha mfumo wa eCitizen mwaka 2014, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana humo. Kadiri huduma zinavyohamia kwenye skrini, ndivyo wale ambao skrini haisemi nao wanavyozidi kusukumwa kwenye benchi la saiba.

Wangapi, na Tunawaitaje

Sensa ya mwaka 2019 ilibainisha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani takriban watu 900,000, walikuwa na ulemavu. Kati ya kaunti zote 47, Embu ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi, asilimia 4.4, maradufu ya wastani wa taifa. Takwimu hizi zataka kusomwa kwa uangalifu. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imetaja watu milioni 1.3, asilimia 3.5, na mtu anaweza kudhani kwamba ulemavu ulipungua. La hasha, maswali ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 2019 watu waliulizwa wanapata ugumu wa kiasi gani katika kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, na waliohesabiwa ni wale tu wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Mwalimu mstaafu ambaye herufi ndogo za simu zinamtoa machozi hamo katika ile asilimia 4.4, ilhali naye ukurasa unamshinda.

Mintarafu ya majina, wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba Kiswahili kimewaweka watu hawa katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Upatanisho wa kisarufi huwarudishia ubinadamu wao, kwani twasema "kipofu amefika" wala si "kipofu kimefika", lakini kiambishi cha vitu kimebaki pale mwanzoni mwa jina. Istilahi "mtu mwenye ulemavu" ilikuja kumtanguliza mtu. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, ijapokuwa viziwi wengi hupenda kujiita viziwi na huona fahari katika jina hilo. Ninachokiona ni kwamba tumetumia wino mwingi kusahihisha majina ya watu hawa kuliko tuliotumia kuwaandikia kurasa wanazoweza kuzisoma.

Ipo pia istilahi "ufikivu". Wanaotumia simu zenye menyu ya Kiswahili wameiona. Imeundwa kutokana na kitenzi "fika" kwa utaratibu ule ule uliotupa "usikivu" kutoka "sikia", na yatosha kwa kazi yake. Ufikivu wa tovuti ni ile hali ya mtu kuufikia ukurasa, kuuelewa na kuutumia, awe anatumia jicho, sikio, vidole au kifaa anachokipuliza kwa mdomo.

Sheria Inasema Nini

Sheria haina upungufu mkubwa, kwa hiyo sitakaa hapa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti waziwazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Mwaka 2022 kilizinduliwa kiwango cha KS 2952 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano. Kimataifa kuna Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, maarufu kwa ufupisho WCAG, uliotolewa kwanza mwaka 1999 na ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Mwongozo huo unadai mambo manne: maudhui yatambulike kwa hisi ambazo msomaji anazo, yatumike kwa kifaa alicho nacho, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomwa na programu mbalimbali.

Kifungu kimoja tu cha Katiba ya mwaka 2010 ningependa tukitazame kwa makini, kwa sababu tunakinukuu kwa nusu. Ni Ibara ya 7. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua: Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunainukuu katika tasnifu, katika midahalo na katika risala za Siku ya Kiswahili. Lakini Ibara hiyo haikuishia hapo. Kifungu chake cha tatu kinaiagiza dola ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli, na mifumo mingine ya mawasiliano na teknolojia zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Ibara inayotupa sisi kazi ndiyo hiyo hiyo inayompa binti ya shangazi haki ya ukurasa unaosikika.

Ukurasa Unavyosomwa kwa Sikio

Anayeona huupima ukurasa kwa mtupo mmoja wa jicho. Huona kichwa kikubwa, picha, menyu, kisha huenda moja kwa moja anakotaka. Anayesikiliza huupokea ukurasa kwa mfuatano, neno baada ya neno, kama wasikilizaji wa ngano wanavyoipokea kutoka kwa fanani. Fanani stadi hujua hivyo, na ndiyo maana huweka fomula ya kuanzia, viitikio na vituo, ili msikilizaji ajue yuko wapi katika hadithi. Ukurasa wa wavuti nao una vituo vyake. Katika NVDA, programu ya kompyuta isiyolipiwa ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, msomaji akibonyeza herufi H huruka hadi kichwa kinachofuata. Akivisikiliza vichwa peke yake hupata muhtasari wa ukurasa mzima kwa nusu dakika. Ila sharti kichwa kiwe kimewekewa alama ya kichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Wengi wetu huyanenepesha maandishi na kuyapanua tu, tukadhani tumeandika kichwa. Jicho hudanganyika; programu haidanganyiki, na kwayo hiyo ni aya kama aya nyingine.

Viungo navyo ni hivyo hivyo. Msikilizaji anaweza kuomba orodha ya viungo vyote vilivyomo ukurasani. Katika kurasa nyingi za Kiswahili orodha hiyo husikika hivi: bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa. Hapa wapi? Kiungo kinachosema "Pakua fomu ya maombi" hakina gharama ya ziada kwa aliyekiandika. Mwanafunzi yeyote wa isimu matini anajua kwamba "hapa" ni kielezi kinachotegemea muktadha, na muktadha ndio hasa unaopotea katika orodha ile.

"Wake" Anapogeuka Mzungu

Sasa nafika katika jambo lililonikera zaidi, na ambalo ni letu sisi kuliko la fundi yeyote. Kila ukurasa wa wavuti una mahali, mwanzoni mwa msimbo wake, panapotajwa lugha ya ukurasa. Kiingereza hutajwa kwa herufi en, Kiswahili kwa sw. Herufi hizo haziuonyeshi msomaji chochote kwenye skrini. Kazi yake ni kuiarifu programu itumie sauti na kanuni za matamshi za lugha ipi. WCAG inalihesabu jambo hili katika daraja la kwanza kabisa la masharti yake. Ukurasa uliomshinda binti ya shangazi ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Nilipofungua msimbo wake nilikuta umetajwa kuwa Kiingereza. Yaelekea aliyeuunda alichukua kiolezo cha Kiingereza, akabadilisha maneno, akasahau zile herufi mbili.

Matokeo yake ni haya. Fomu ilipomtaka ataje "mzazi na watoto wake", neno la mwisho lilisikika "weik", yaani amka. Ilipomwambia "pole, umekosea", alisikia "poul", mlingoti. "Kale" huwa "keil", mboga. "Mate" huwa "meit", mwenzi. Hayo ni maneno ambayo kwa bahati mbaya yana tahajia moja katika lugha zote mbili, na angalau yanachekesha. Yasiyo na umbo la Kiingereza huvurugwa tu, na msikilizaji hulazimika kuyakisia au kuamuru yasomwe herufi moja moja. Ninayo hakika kwamba wengi wetu tungeutupa ukurasa huo katika dakika ya kwanza. Yeye alivumilia saa nzima.

Inasikitisha zaidi unapokumbuka kwamba Kiswahili ni lugha rahisi mno kwa mashine. Tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo mashine huyachanganya na ya kupitia magari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wamekwisha kuunda mfumo wa kuyasemesha maandishi ya Kiswahili kufikia mwaka 2005. Programu ya eSpeak, inayotumiwa na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Ni kavu, lakini hutamka "wake" kama wake. Simu nyingi za Android nazo zinaweza kupewa sauti ya Kiswahili. Sauti ya Kimbeere, lugha ya nyumbani Kiritiri, sijaikuta popote, na hadi itakapopatikana Kiswahili ndicho kilicho karibu zaidi na sikio la mtu wa huko. Sauti ipo tayari, ila ukurasa hauiiti.

Ukurasa uliochanganya lugha nao una dawa yake: kila sehemu ya lugha ya kigeni inaweza kuwekewa alama yake. Vifupisho tunavyovipenda katika majarida, "k.v." na "n.k.", mara nyingi hutamkwa herufi tupu. Sisemi tuviache; nasema kwamba "kama vile" haimchoshi mtu.

Picha na Taswira

Kila picha inayowekwa ukurasani inaweza kuambatishwa maelezo mafupi ambayo hayaonekani ila husomwa na programu. Huitwa matini mbadala. Wengi huyaacha matupu, na programu ikatamka jina la faili au kusema "picha" tu. Wengine huandika "picha ya mwanamke". Mwanamke gani, anafanya nini, na kwa nini yuko kwenye ukurasa huu? Hapa mwanafunzi wa fasihi hana kisingizio. Kwa miaka minne ya shahada ya kwanza tumefunzwa kuchambua taswira, jinsi maneno machache yanavyoweza kumwonyesha msomaji asichokiona. Picha ya soko la Kiritiri katika ukurasa wa kilimo yaweza kuelezwa "Wachuuzi wakipima pojo kwa mkebe kandokando ya barabara". Picha hiyo hiyo ikiwa ni pambo tu la ukingo wa ukurasa, maelezo yaachwe wazi makusudi ili programu iiruke. Kuamua lipi ni lipi ni kazi ya uhakiki.

Ubaya mkubwa wa picha ni pale zinapobeba maandishi. Matangazo ya kazi, orodha za waliofaulu na barua za mwaliko hupigwa chapa, hutiwa muhuri, hupigwa picha, kisha hupachikwa kwenye tovuti. Kwa jicho ni barua. Kwa sikio ni ukimya. Anayeona kwa shida naye huumia, kwa kuwa maandishi ya picha yakikuzwa hutia ukungu. Huyu wa pili ana adui mwingine, rangi: kijivu hafifu juu ya nyeupe. WCAG inataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga ya uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli wake, na zipo programu za bure za kuupima uwiano huo.

Mahali Ambapo Kiswahili Hakitoshi

Nisije nikadhaniwa kuwa naona Kiswahili ni tiba ya kila kitu. Kwa viziwi wengi wa Kenya hali ni tofauti. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na si Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikononi. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi kiziwi husoma Lugha ya Ishara mahali ambapo wenzake husoma Kiswahili. Kwa hivyo ukurasa wetu sanifu, wenye methali na sentensi za mistari mitano, waweza kuwa mgeni kabisa kwake. Video inahitaji manukuu, na kwa taarifa za dharura au afya inahitaji mkalimani wa ishara ndani yake. Sentensi ziwe fupi. Ushauri huo, nakiri, ni mchungu kwa jarida ambalo wahariri wake hulipenda neno "fauka", nami makala haya ni shahidi dhidi yangu.

Kuna pia asiyeweza kushika kipanya, ambaye hutembea ukurasani kwa vitufe vya kibodi pekee. Akikwama katika menyu isiyofunguka kwa kitufe, safari imekwisha. Jaribio lake ni rahisi: weka kipanya kando, kisha ujaribu kuifikia sehemu ya mwisho ya ukurasa kwa kitufe cha Tab.

Nyumbani Kwetu

Baada ya safari ile ya Kiritiri niliona haya kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kutazama kwetu. Matoleo ya zamani ya jarida la chama chetu yamewekwa mtandaoni kama kurasa zilizopigwa picha. Mwanafunzi asiyeona anayeisomea shahada ile ile tunayoisomea hawezi kusoma hata ukurasa mmoja, wala hakuna mhadhiri aliyewahi kulitaja jambo hili darasani nikiwepo. Tukiwa wanafunzi watatu, tulianza kuyachapa upya matoleo hayo, tukiweka alama za vichwa, maelezo ya picha na zile herufi mbili, sw. Kazi ni ya polepole. Toleo la kwanza lilituchukua likizo nzima, na majedwali ya makala za isimu bado yanatushinda. Jedwali la viambishi ngeli linaposomwa mstari kwa mstari bila vichwa vya safu wima huwa kama mvua ya silabi. Tungeshukuru kupata mhadhiri au fundi wa kutuonyesha njia, na wanafunzi wa kuchapa wanahitajika zaidi.

Toleo hilo tulimpelekea binti ya shangazi alijaribu. Alilisikiliza jioni moja, kasi ya sauti akiwa ameipandisha kiasi kwamba mimi sikuambulia neno. Katika makala ya tatu alisimamisha simu na kuniuliza, "Kaka, Ngambo ni wapi? Wanasema mwandishi alisafiri kwenda Ngambo." Nilichukua nakala ya karatasi nikaangalia. Kibainishi cha "ng'ambo" hakikuwepo tangu toleo lilipochapishwa, na ukurasa wa kwanza unawataja wasomaprufu wanne, mmoja wao akiwa mimi.